Video Music Box: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu kipindi cha Uncle Ralph

Kila nikikitaja hiki kipindi mbele ya watu wa hip hop naulizwa yale yale, mengine ya maana mengine ya kunipima tu, sasa nimechoka kurudia nimeyaweka yote hapa. Hii sio historia rasmi, mimi ni mpenzi tu niliyekesha na vipande vya kanda za zamani mpaka macho yakawa mekundu. Soma linalokuhusu, mengine ruka.

Video Music Box ndio nini?

Kipindi cha TV cha video za muziki kilichoanza New York mwaka 1983, chaneli 31, kituo kinaitwa WNYC-TV. Walikianzisha jamaa wawili, Ralph McDaniels na Lionel Martin, huyu wa pili akijiita Vid Kid. R&B ilipigwa, reggae ilipigwa, lakini kilichokipa jina ni rap, maana miaka ile ukitaka kumuona rapa kwenye TV ulikuwa unasubiri mpaka unasahau ulichokuwa unasubiri. Na kilikuwa kinaruka mida ya mchana madogo wakitoka shule, sio saa nane usiku. Hilo la muda liweke kichwani tutalirudia.

Ralph McDaniels ni nani, na huo u-Uncle umetoka wapi?

Mtoto wa Brooklyn aliyekulia pia Queens, zote sehemu za jiji la New York, alikuwa DJ kabla hajawa mtu wa TV. Pale WNYC aliingia kufanya mazoezi kama mwanafunzi akabaki kama fundi mitambo, na hapa ndipo watu wengi wanapopapita haraka. Huyu hakuwa sura nzuri iliyoletwa na bosi kuja kusoma majina ya nyimbo, alikuwa fundi, anajua mitambo imekaaje, na fundi kwenye kituo kidogo ana nguvu kuliko unavyodhani. Kabla ya Video Music Box alishafanya kitu kinaitwa Studio 31 Dance Party hapo hapo, kwahiyo wakubwa walikuwa wameshaonja kidogo.

Uncle ni heshima tu. Kizazi kizima kilikua kinamuona kila siku baada ya shule, yani anaonekana sebuleni kuliko wajomba wa damu, utamuitaje sasa.

Mbona chaneli 31? Ndio chaneli gani hiyo?

Swali langu pendwa hili, vuta kiti.

Chaneli 31 ilikuwa mali ya jiji la New York. Sio ya kampuni, ya jiji, kama vile barabara na maktaba. Mwanzoni kabisa ilikuwa ni jaribio la serikali ya Marekani mwaka 1961, walitaka kujua mawimbi ya UHF yatapenyaje kwenye jiji limejaa maghorofa, jaribio likaisha jiji likachukua kituo mwaka 1962. Ndani yake kulikuwa na mambo ya halmashauri, vipindi vya elimu, na masaa mengine waliwapa watu wa lugha nyingine, Kiitaliano, Kijapani, na kadhalika. Yani dogo wa Bronx, sehemu nyingine ya jiji, anayesubiri kundi la rap la Run-DMC anaweza kukaa kwanza na taarifa ya habari asiyoelewa hata neno moja.

Alafu kuipata tu ilikuwa kazi. TV za enzi zile zilikuwa na vitu viwili vya kuzungusha, cha juu kinashika chaneli 2 mpaka 13, hizo ndio za wakubwa, cha chini ndio UHF kuanzia 14 kwenda juu, na huku chini picha inakuja na chenga kama zote. Antena yake ni kale kawaya ka mviringo nyuma ya TV, kakipotea mnachomeka hanga ya nguo. Mmoja anashika hanga mwingine anatazama kioo anapiga kelele hapo hapo usisogee, na aliyeshika hanga ndio hivyo, ngoma nzima ataisikia tu hataiona.

Sasa kwanini nasema hii ndio siri ya kila kitu? Kwasababu chaneli isiyogombaniwa na mtu ndiyo pekee ingeweza kumwachia fundi kijana saa nzima ya mchana apige rap. Chaneli kubwa zilikuwa na matangazo ya kuuza na wadhamini wa kuogopa. Hii ya jiji ilijiendesha bila biashara, hakuna muuza sabuni wa kukasirika. Na isitoshe ilikuwa ya bure. Kebo wakati huo ilikuwa Manhattan, ila sehemu kubwa ya Bronx, Brooklyn na Queens waya zilikuja kuvutwa mwishoni mwa miaka ya 80 huko. Kule kule hip hop ilikozaliwa ndiko kebo haikuwepo, lakini UHF ilifika kila nyumba yenye TV na mtu wa kushika hanga.

Kwani MTV haikuwepo?

Ilikuwepo, chaneli ya video za muziki iliyoanza Agosti 1981. Ila kwanza ilikuwa ya kebo, nimeshasema kebo ilikuwa wapi. Pili miaka ya mwanzo ilikuwa mambo ya rock tu na weusi walikuwa wa kuhesabu, mpaka David Bowie mwaka 1983 akiwa kwenye interview na mtangazaji wao wenyewe akamgeuzia kibao akamuuliza mbona wasanii weusi hamuwapigi. Mwaka huo huo Michael Jackson akavunja mlango na Billie Jean, na Rock Box ya Run-DMC ya 1984 ndio inatajwa kama video ya kwanza ya rap kupigwa MTV, na hata hiyo ina gitaa la rock limejaa humo ndani. Wakati MTV inafikiria fikiria, Ralph alikuwa anapiga tu.

Kwahiyo ndio kipindi cha kwanza cha video za hip hop duniani?

Hapa tuwe wakweli maana kuna watu wanapenda kubishana. New York Hot Tracks cha kituo cha WABC nacho kilianza 1983, kilikuwa cha wikiendi usiku, kinapiga zaidi R&B na dance na rap kidogo kidogo. Kisha kuna Graffiti Rock ya Michael Holman ya 1984, hiyo ilikuwa hip hop mwanzo mwisho, wacheza break, Run-DMC, Kool Moe Dee anachana mistari, kitu kitamu sana, tatizo lake kilitengenezwa kipindi kimoja tu ikaishia hapo.

Ukiniuliza mimi, ukwanza sio hoja kubwa. Graffiti Rock ilitaka kuiuza hip hop kwa Marekani nzima kwahiyo ikabidi iielezee, mwenyeji anakufundisha mpaka maneno ya mtaani yanamaanisha nini. Video Music Box haikumfundisha mtu kitu, ilikuwa inaongea na watu ambao walishajua. Ndio maana moja ilikufa na nyingine ikadumu miaka.

Kikoje? Yani ukiwasha TV unaona nini?

Unaanza kusikia Five Minutes of Funk ya kundi la Whodini, ya 1984, ndio ikawa wimbo wa kipindi. Kile kinanda kikianza watu wa umri fulani wa New York wanaganda kabisa, jaribu siku moja. Baada ya hapo ni video, Ralph anaongea kidogo, video, kisha mara hatupo studio tena tupo mtaani, au ndani ya klabu kama Latin Quarter pale Times Square, au backstage, au bustanini kuna watu wanacheza.

Mataa makali ya kamera usoni kwa mtu, nyuma yake giza na vichwa vya watu vinachungulia viingie kwenye picha. Sauti mbaya. Bezi ya klabu inatikisa maiki kiasi kwamba nusu ya interview unasoma midomo. Jua pia kwamba kamera za video za kazini enzi zile sio hizi za mkononi, mara nyingi mtu anabeba kamera begani na mashine ya kurekodia inaning'inia pembeni kwa mkanda, vimeunganishwa na waya, sasa ingia navyo kwenye klabu imejaa watu wanaruka. Nikiona picha imeyumba ghafla huwa najua kuna mtu amekanyaga waya.

Hii tabia ya kutoa shout out ni kweli ilianzia hapo?

Nusu kweli. Kutaja majina ya watu kwenye maiki kulikuwepo tangu sherehe za kwanza kabisa za Bronx, DJ Kool Herc anapiga sahani na Coke La Rock anawaita washkaji kwa majina, hiyo ni 1973 na kuendelea. MC kumtaja mshkaji wake ni jambo la siku zote.

Alichofanya Ralph ni kukigeuza. Alichukua maiki akampa yule ambaye siku zote alikuwa anatajwa tu, au hata hakutajwa. Anasimama mlangoni mwa klabu, kamera inawaka, watu wanapita mmoja mmoja: jina langu fulani, natokea mtaa fulani, salamu zangu kwa fulani na fulani na fulani, na wewe uliyelala hukuja imekula kwako. Sekunde kumi anaingia mwingine. Dada ana hereni kubwa za duara na koti la ngozi anataja wadogo zake wote watano bila kuvuta pumzi. Jamaa anataka kuchana mistari ananyimwa maiki. Anayefuata anasahau alichotaka kusema anacheka tu.

Msimamo wangu ni huu na nimegombana nao na watu: roho ya Video Music Box haikuwa video. Video ungeweza kuzipata kwingine baadaye. Roho yake ilikuwa zile salamu. Kwenye TV ya miaka ile kijana mweusi au wa Kilatino wa Brooklyn alionekana kwenye habari, na habari ilikuwa ni uhalifu na crack, yale madawa ya kulevya. Hapa anaonekana kapendeza, anacheka, anataja jina lake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Alafu kesho yake saa ile ya kutoka shule mtaa mzima umemuona, ndio maana nikasema lile la muda lisikutoke kichwani. Ungekuwa umepewa sekunde zako saa nane usiku nani angekuona?

Mastaa gani walipita pale?

Rahisi zaidi ningekutajia ambao hawakupita. Fikiria New York ya 1983 mpaka katikati ya miaka ya 90, LL Cool J, Public Enemy, Big Daddy Kane, Biz Markie, Roxanne Shanté, baadaye Mary J. Blige, Wu-Tang, Nas, Biggie, Jay-Z. Utamu wake ni kwamba wengi unawaona kabla hela haijafika. Hawajui kusimama mbele ya kamera, macho yanakimbia kimbia, mtu ambaye leo ana walinzi kumi yupo pale anagombania maiki na watoto wa mtaani kwake.

Walikuwa wanaachia matusi?

Hapana, mchana kwenye TV ya hewani Marekani sheria hairuhusu. Ngoma zilikuja zimesafishwa. Ukitaka yale makali ulinunua kanda.

Nimesikia walikuwa wanatengeneza na video wenyewe, kweli?

Kweli kabisa. Walikuwa na kampuni yao Classic Concepts, na hii ilitokana na shida. Lebo nyingi za rap zilikuwa ndogo hazina bajeti, msanii ana ngoma kali inapigwa redioni lakini video hana, na wewe una kipindi cha video cha kujaza karibu kila siku. Utafanyaje? Unamshutia.

Lionel Martin ndio akaenda mbali zaidi kwa udairekta, Night of the Living Baseheads ya Public Enemy (1988) ni yake, Just a Friend ya Biz Markie (1989) ni yake, ile Biz kavaa wigi la kizungu anapiga piano anaimba vibaya kwa makusudi, na Motownphilly ya Boyz II Men (1991) ni yake pia. Ralph naye mkono wake upo kwenye C.R.E.A.M. ya Wu-Tang. Iangalie tena C.R.E.A.M. ukijua hilo, zile sura za wana wamesimama tu kwenye baridi kamera inawatazama bila haraka, huyo ni mtu aliyezoea miaka kumi kusimama na kamera mtaani akisubiri watu waseme majina yao.

Yo! MTV Raps ilipokuja si ndio ilikiua?

Haikukiua. Yo!, kipindi cha rap cha MTV, ilianza Agosti 1988 na mtangazaji Fab 5 Freddy, baadaye kila siku kukawa na Doctor Dré na Ed Lover, na siwezi kuisema vibaya maana ndiyo iliyofikisha hip hop kwa mtu wa Ohio na hata nje ya Marekani. BET, chaneli ya kebo ya watu weusi, nao wakaleta Rap City 1989. Lakini hizo zilikuwa za nchi nzima, zinapiga ngoma iliyokwisha kuwa kubwa au inayosukumwa na lebo. Video Music Box ilikuwa ya jiji, inapiga ngoma ya jamaa anayekaa vituo vitatu vya treni kutoka kwako. Na mwaka wa kupumzishwa Yo! ulikuwa 1995, Uncle Ralph bado yupo hewani chaneli ile ile ya chenga.

Sasa kiliishaje?

Kiliuziwa nyumba kikiwa ndani.

Utawala wa meya Rudy Giuliani uliamua jiji halina kazi ya kumiliki TV wala redio. Redio za WNYC, AM na FM, zikaenda kwa taasisi yao wenyewe kwa dola milioni 20 za kulipa taratibu kwa miaka sita. TV ikapigwa mnada, na kumbe ile leseni ya chaneli 31 ilikuwa ya aina inayoruhusiwa kufanya biashara ingawa miaka yote jiji halikuitumia hivyo, basi bei ikaruka, makampuni ya ITT na Dow Jones wakachukua kwa dola milioni 207. Katikati ya 1996 wakakabidhiwa, wakageuza kuwa chaneli ya biashara na michezo, haikufika hata mbali, ikauzwa tena.

Ile chaneli ambayo hakuna aliyeitaka, ambayo unashika hanga kuiona, ikauzwa milioni 207. Naomba nisiseme zaidi maana nikianza simalizi.

Kipindi chenyewe hakikufa siku hiyo, kilikuja kurudi hewani kwenye chaneli 25, WNYE, ila kile kitu cha kila siku baada ya shule, mtaa mzima unatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, kilikuwa kimeshapita.

Kanda zake zipo wapi? Zimehifadhiwa?

Zipo, Ralph alizitunza mwenyewe, na ni nyingi vibaya mno, maelfu ya masaa. Baadaye likaundwa shirika lisilo la faida la kuzihifadhi.

Watu wanadhani kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta ni kama kukopi faili, bonyeza nenda kanywe chai. Kanda haiendi haraka. Saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa hapo inacheza, na mashine ya kuichezesha haitengenezwi tena kwahiyo ikiharibika unatafuta nyingine mbovu uitoe spea. Isitoshe kanda za sumaku zinaoza, ile gundi inayoshika unga wa sumaku juu ya plastiki inavuta unyevu wa hewani inakuwa inanata, ukiichezesha hivyo hivyo inaacha masizi kwenye vichwa vya deki na picha yenyewe inabanduka nayo. Kwahiyo kuna mbio hapo, na mpinzani ni hewa.

Kuna hazina nyingine watu hawaihesabu, zile VHS za majumbani. Watu walikuwa wanarekodi kipindi kila siku, vidole juu ya kitufe wakwepe wasichokitaka, kanda zinazunguka mtaani zinakopiwa kopi ya kopi mpaka rangi zinakuwa za zambarau. Vipande vingi unavyoviona mtandaoni vimetoka huko.

Kuna filamu yake?

Ipo, You're Watching Video Music Box, ilitoka 2021 kwenye chaneli ya Showtime, na aliyeiongoza ni rapa Nas. Sio mchezo huo, maana Nas alizaliwa 1973 akakulia Queensbridge kule Queens, kipindi kinaanza yeye ana miaka kumi. Alikuwa mmoja wa wale madogo wa saa ya kutoka shule.

Uncle Ralph yupo bado? Anafanya nini?

Anapiga u-DJ, anatunza kanda zake, na kwa miaka kadhaa amekuwa mratibu wa mambo ya hip hop kwenye maktaba ya umma ya Queens. Ndiyo, maktaba wana mtu wa hip hop. Mimi hiyo ilinifurahisha kuliko tuzo yoyote ambayo wangempa, alianza kwenye mali ya jiji na amerudi kwenye mali ya umma.

Mimi mgeni, nianzie wapi?

Anza na ile filamu upate ramani. Baada ya hapo achana na interview za mastaa kwanza, utaziona tu. Tafuta vile vipande vya salamu nje ya klabu, miaka ya 86 mpaka 89, weka hedifoni kwasababu sauti ni mbovu, na usiruke mbele. Kwenye kimoja ninachokirudia sana kuna jamaa amesubiri zamu yake muda mrefu, unamuona nyuma tangu mwanzo anajinyoosha kola, anafika mbele ya kamera anataja jina lake, anataja mtaa wake, anavuta pumzi aanze majina ya washkaji, na kanda inaisha.